Nani Amchore Esteria?

Tabata, Dar es Salaam
6 Mei 2023

Kwako Baba mpendwa,

Mwangaluka, baba. Shikamoo. Huku sote tu wazima, mimi, Lucy na baba yake, ila mvua imetuchosha, nguo hazikauki. Wewe je? Kifua kimepoa? Pamba mmeanza kuchuma, au mnangoja ipasuke vizuri? Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza jina la mbuzi. Najua lile sikio sasa limegoma kabisa, na jambo hili nataka ulisikie lote.

Unajua kazi yangu hapa ni kutia rangi vitabu vya katuni. Wengine wanachora kwa wino, mimi naweka rangi kwa kompyuta. Mwaka huu ofisi inataka kutoa mashujaa, kila mkoa shujaa wake, mwenye nguvu zisizo za kawaida. Ilipofika zamu ya Simiyu watu wote walinigeukia, maana Msukuma mezani ni mimi peke yangu. Danford, bosi wetu, akasema, "Haya Minza, toa shujaa. Au kwenu kuna ng'ombe tu?"

Nilitaka kumjibu kwa ubishi. Badala yake nikajikuta nasimulia habari ya mama na korongo. Jinsi maji yalivyoshuka ghafla watoto wa shule wakiwa ng'ambo, mama akafunga kamba ya ng'ombe kwenye mgunga, ncha nyingine akajifunga kiunoni, akawavusha mgongoni mmoja mmoja mpaka wote wakavuka. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Danford akasema, "Huyo ndiye."

Kwa hiyo wanataka shujaa wa Simiyu awe mama. Jina lake Esteria, kanga yake, kamba yake. Ila kwenye kitabu kamba hiyo itarefuka mpaka popote mtu anapoita. Hawawezi kuanza bila barua yako ya kukubali.

Kuna wachoraji wawili wanaoitaka kazi hii, na wote ni wakubwa, watoto wa mjini wanawajua kama wachezaji wa mpira: Shekalaghe wa Tanga na Nyagawa wa Njombe. Nimekutumia kwenye basi vitabu vya kila mmoja, na miwani ya kusomea. Soma, linganisha, uniambie nani ana uwezo wapi na nani ana udhaifu wapi. Wewe ndiye uliyeishi na mama.

Baba, Lucy ametimiza miaka minne. Bibi yake aliondoka duniani kabla yeye hajajua hata kumwita. Nataka awe na mahali pa kumwona.

Binti yako,
Minza


Mwandoya, Meatu
20 Mei 2023

Mwanangu Minza,

Mwangaluka, mayu. Barua imenikuta mzima, kifua kimelegea, na pamba tumeanza. Wabeja kwa vitabu na kwa miwani. Jirani yetu Mayige alikwenda kuvipokea stendi, akafika amevisoma nusu njiani, akinieleza mwisho kabla sijajua mwanzo. Unamjua Mayige.

Nimesoma taratibu, kila siku baada ya kutoka shambani. Mwanzoni sikujua macho yaende wapi, visanduku vingi kama madirisha ya shule. Sasa nimezoea. Nitakueleza nilivyoona, usiwacheke wazee.

Huyu Shekalaghe, kama ni kiongozi wa ngoma, ni manju wa kucheza. Ukimfungua tu, vumbi linatimka. Yule shujaa wake anayekamata radi kwa mkono, nilipomwona anaruka nilisogeza kiti nyuma. Na nyuso! Mtu akiwa na hasira unaogopa, akilia unatafuta leso. Udhaifu wake, watu wake hawachoki. Wanapigana kutwa na hakuna anayeomba maji. Wanawake wote wana kiuno kimoja, kama wamepimwa kwa bakuli lilelile. Halafu kwa nini shujaa anavaa kaptura juu ya suruali? Na lile shuka linalopepea mgongoni, likinaswa na miiba ya mgunga itakuwaje?

Nyagawa ni manju wa kuimba. Hachezi sana, lakini maneno yake unaondoka nayo. Yule mwuguzi wake anayesikia pumzi za wagonjwa kutoka mbali, nimekuwa nikimuwaza nikichuma pamba. Vitu anavichora vizuri sana, sufuria ina masizi kweli, tope ni tope. Ila watu wake wote ni ndugu wa tumbo moja. Sikuweza kumtofautisha daktari na mwizi mpaka mwizi alipokimbia. Naye anajijua, maana anawageuza migongo au anawatia kivulini. Na anachelewa. Nyumba inaungua, mwuguzi anawaza kurasa tatu!

Kuhusu kukubali, moyo wangu haujasema kitu. Siku ile ya korongo mama yako alirudi amelowa mpaka nywele, akasimama pale mlangoni, akauliza, "Ndama wamefungwa?" Hakusema habari ya watoto. Niliijua kesho yake kwa wazazi wao waliokuja na kuku. Sasa sijui mtu wa namna hiyo anapenda kuwekwa kitabuni, au atauliza nani amewafunga ndama.

Nimemtumia salamu mama yako mdogo Kwandu kule Bukundi, kwa maana jina la Esteria lilitoka kwao, si langu peke yangu. Wewe mwenye kazi niambie, nani anazidi?

Msalimie Lucy. Mwambie babu yake, Guku, amemwekea michembe ya viazi.

Baba yako,
Mahona


Tabata
31 Mei 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kifua kimelegea. Barua yako niliisoma ofisini kwa sauti, pale kwenye viuno vya bakuli watu wakapiga meza. Danford amesema ukitaka kazi ya kukosoa katuni uje.

Umeona karibu yote tunayoyaona sisi. Nitaongeza kidogo tu ya jikoni. Shekalaghe ni mwepesi, anamaliza kurasa kabla wino haujakauka kwenye mkataba, na ukurasa wake ukifika kwangu rangi inajipaka yenyewe, najua mwanga unatoka wapi. Vitabu vyake vinaisha madukani. Lakini hadithi anaisahau katikati, tukimkumbusha anasema, "Msomaji atakuwa anaangalia misuli."

Nyagawa ananitesa. Anajaza mistari midogomidogo mpaka sijui nitie rangi wapi. Wasomaji wanatuandikia kulalamika habari ya nyuso kila toleo. Ila wanaolalamika ni walewale, hawaachi kununua. Mwanamke mmoja wa Morogoro alituandikia kwamba alimsomea mume wake mgonjwa kitabu cha yule mwuguzi, mgonjwa akamwambia, "Huyu aliyeandika aliwahi kulala wodini."

Mimi, ukiniuliza kama binti, nataka Shekalaghe. Nataka uso. Picha ya mama tuliyonayo ni ile ya kitambulisho cha kura, ameogopa kamera kama anapigwa sindano. Nimempa Shekalaghe picha hiyo pamoja na maelezo yangu, na Nyagawa nimempa vilevile. Kila mmoja amechora karatasi moja ya kujaribu. Nimezituma. Kubwa, ili usihangaike na miwani.

Ofisi inataka jibu kabla Juni haijaisha. Nisamehe kukuharakisha wakati wa pamba.

Binti yako,
Minza


Mwandoya
18 Juni 2023

Mwanangu Minza,

Mwangaluka! Mimi mzima, mama yako mdogo Kwandu mzima na yuko hapa kwangu, mbuzi wamezaa, pamba imepimwa. Na jambo letu limekwisha. Andika: Shekalaghe.

Nikueleze ilivyokuwa. Karatasi zilipofika sikujiamini kuamua peke yangu. Nikawaza, wazee wetu wakitaka kujua manju gani anamzidi mwenzake, walifanyaje? Waliwaweka uwanja mmoja, siku moja, huyu huku na huyu kule, ngoma zikalia, na watu wakaenda wanakovutwa. Mwenye watu wengi ndiye. Hakuna kupiga kelele, hakuna rufaa.

Basi Jumapili baada ya misa nikaita majirani. Shekalaghe nikamtundika kwenye ukuta wa ghala, Nyagawa kwenye zizi. Mayige alikuwa ameshapita barabarani tangu asubuhi akitangaza. Watu wakaja kama wamesikia kuna nyama. Mimi nilikuwa nagawa maji, sikutaka kusimama upande wowote wakasema mwenye msiba amesema.

Minza, wangekuwa ng'ombe ningesema wameona chumvi! Walijaa ghalani kwa Shekalaghe mpaka wengine wakasimama juu ya magunia. Wanapiga vigelegele, wanamsifu mkono, wanamsifu rangi. Hata Bibi Milembe, ambaye macho yake yamefunga siku nyingi, alishikwa mkono akapelekwa palepale, akasema, "Huyu ndiye mchoraji, wengine wanakwangua." Upande wa Nyagawa alibaki Kwandu, na watu wachache wa kule bondeni, na mbuzi mmoja aliyekuwa anakula kamba ya zizi.

Nilimwonea Nyagawa huruma, lakini ngoma imeamuliwa. Barua ya kukubali nimeiambatisha, na Kwandu ametia dole gumba kwa niaba ya kwao.

Sijaitazama sana karatasi ya Shekalaghe kwa karibu, siku ile watu walikuwa wameijaa. Nimeitundika ndani, juu ya kitanda. Nitaitazama kwa nafasi.

Baba yako,
Mahona


Tabata
27 Juni 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo, na wabeja sana. Nimecheka habari ya Bibi Milembe mpaka Lucy akaja kuuliza nani amenitekenya. Sote wazima.

Barua imefika kwa wakati. Shekalaghe alipoambiwa habari ya ghala na zizi alisimama, akainama kama mchezaji aliyefunga bao. Ameanza mara moja. Ana maswali ambayo mimi nimeshindwa kumjibu, naona aibu kusema. Nyusi za mama zilikuwa nene au nyembamba? Kidevu kilikuwa na mfereji? Akicheka mashavu yalipanda wapi? Nimekaa na kalamu nikajikuta naandika habari ya mikono yake tu. Wewe utakuwa unajua. Andika hata kwa ufupi, anasubiri.

Binti yako,
Minza


Tabata
22 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nimepiga simu, imepokelewa na Mayige, akaniambia "baba yako yupo, ila yupo," halafu salio likaisha. Mama mdogo Kwandu ananiambia unakula, unakwenda shambani, hulalamiki, ila umehamia kulala chumba cha mbegu.

Baba, kuna nini? Unaumwa? Kama nimekuudhi kwa kukuharakisha, niambie. Shekalaghe amefika ukurasa wa sita, na katika kurasa zote sita ameacha uso wa mama wazi, kama sahani. Anasema hawezi kubahatisha.

Usinijibu habari ya katuni kama hutaki. Nijibu tu.

Minza wako


Mwandoya
30 Julai 2023

Mwanangu Minza, mayu wangu,

Mwangaluka. Siumwi, na hujaniudhi. Nisamehe kwa kukuacha unahangaika. Nilikuwa natafuta maneno, na mimi maneno huwa nayapata polepole.

Nianze na lile dogo. Ile ngoma ya ghala na zizi haikuwa ngoma. Nilikuwa nabeba magunia na Mayige juzi, nikamwambia, "Kumbe watu wa hapa mna macho, mlimjua Shekalaghe mara moja." Akanitazama. Akasema, "Tulimjua nani? Si nilitangaza kwamba Shekalaghe ni Mgalu mwenzetu!"

Unajua sisi hapa ngoma zina vyama viwili, Bagalu na Bagika, na mtu huzaliwa ndani ya chama kama anavyozaliwa ndani ya nyumba. Kitongoji chetu karibu wote ni Bagalu. Nikamwuliza, "Mtu wa Tanga anakuwaje Mgalu?" Akajibu, "Lile jina linalia kama ngoma yetu. Na yule Nyagawa nikasema ni Mgika, ili upande wa pili usiwe mtupu." Nikamwambia, "Kwa hiyo hamkuangalia picha?" Akashangaa kweli, Minza, si mzaha. "Kwani wewe Mahona ulitaka tuangalie picha?"

Kwandu kumbe alisimama kwenye zizi kwa sababu kwao ni Bagika. Nimemwuliza, hakukataa. Ila akaongeza, "Lakini nilipokuwa nimesimama pale peke yangu na yule mbuzi, nilikuwa na muda wa kutazama. Nilimwona dada yangu." Kisha akaenda kuosha vyombo.

Sasa lile kubwa. Niliitundika karatasi ya Shekalaghe juu ya kitanda, nikawa naitazama asubuhi na jioni. Ni nzuri, mwanangu. Ndio ubaya wake. Ile ya kitambulisho cha kura haikunisumbua hata siku moja, kwa kuwa ilimkosea kabisa, naicheka, naendelea na yangu. Shekalaghe amemkosea kidogo tu. Macho ni karibu ya kwake. Mdomo ni karibu wa kwake. Basi siku moja niko shambani nikataka kumkumbuka alivyokuwa akinigeukia nikimwita tukiwa tunachuma, akaja yule wa karatasi. Amesimama vizuri, hachoki, hana vumbi. Nikajaribu kumsogeza, hasogei. Nikajaribu mama yako wa jikoni, mama yako wa kanisani, mama yako wa siku tuliyokuzaa wewe. Kila mahali amekwishafika yule.

Niliogopa, Minza. Sina pesa wala mali ya kusema naogopa kuibiwa. Nina uso ule. Nikaitoa karatasi, nikaigeuza kifudifudi, nikahamia chumba cha mbegu. Maswali ya Shekalaghe sikuweza kuyajibu kwa sababu nilikuwa sijui tena nini ni cha Esteria na nini ni chake. Sasa ameanza kurudi. Juzi nilimpata vizuri kabisa, anachuma mlenda, amekasirika kidogo.

Kwa hiyo naomba kitu kigumu. Chukua kazi kwa Shekalaghe mpe Nyagawa. Nimeichukua karatasi yake nikaitazama nilivyopaswa kuitazama tangu mwanzo. Mama yako yuko kwenye maji mpaka kiunoni, ametupa mgongo. Mtoto amemkaba shingo. Kanga imelowa imeshika mwili, kamba imekaza inakata kiuno, na bega moja limeshuka, unaona kabisa kwamba huyu mtu amechoka na bado kuna watoto. Uso hakuna. Wote mnasema udhaifu wa Nyagawa ni nyuso. Mimi nasema ni hapo hasa ninapomtaka. Achore mgongo wake, achore mikono, amwandikie maneno. Uso aniachie.

Baba yako anayekupenda,
Mahona


Tabata
9 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kwamba huumwi. Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimelia tena, ndiyo maana barua hii ni ya tatu, mbili nimezichana.

Nimefanya ulivyosema. Danford alizunguka chumba akisema, "Shujaa asiye na uso! Nitamuuzia nani, vinyozi?" Nyagawa mwenyewe hakuamini. Aliniuliza mara mbili kama si mzaha, kisha akasema kwa miaka yote amekuwa akiomba radhi kwa ajili ya nyuso, hakuwahi kuitwa kwa ajili ya migongo. Shekalaghe nilimwogopa zaidi. Nilimsomea kile kipande chako cha "amemkosea kidogo tu." Akafuta kalamu zake moja moja, akasema, "Mwambie mzee nimempisha." Atachora shujaa wa Rukwa.

Lakini baba, niruhusu niseme na mimi. Wewe unao uso. Unaweza kwenda shambani ukampata anachuma mlenda. Mimi nilipoulizwa habari ya nyusi nilikuta mahali patupu. Nilikuwa naona aibu, sasa naona hofu. Na Lucy hana hata mahali patupu, hana kitu. Umelinda cha kwako, na ni haki yako, siwezi kukunyang'anya. Ila sisi tutamtazama mgongo mpaka lini?

Sikulaumu. Nimesema tu kwa kuwa ulinifundisha nisiende kulala na neno shingoni.

Binti yako,
Minza


Tabata
25 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Mwangaluka, baba. Shikamoo. Natumaini mvua za kwanza zimewapata na mbegu ziko ardhini. Nashukuru kwa michembe na kwa ujumbe mfupi wa Mayige kwamba umesoma barua yangu na "anaifikiria." Sikutaka kukusukuma. Tulikuwa na kazi nyingi.

Kitabu kimetoka. Hiki hapa ni cha kwako, na kimoja cha mama mdogo. Mimi ndiye niliyekitia rangi, na safari hii Nyagawa hakunitesa, au nilikuwa tayari kuteswa. Maji nimeyapa rangi ya udongo wa kwetu, Danford alitaka bluu, nikakataa. Ukurasa wa mwisho mama amesimama ukingoni anakunja kamba, watoto wanaondoka, na kiputo kina maneno mawili tu, "Ndama wamefungwa?" Nyagawa aliyachukua kwenye barua yako, nilimpa ruhusa bila kukuuliza.

Kinauzika. Danford hasemi tena habari ya vinyozi.

Lakini si hilo lililonifanya nikae kuandika. Jana nilimpa Lucy nakala yake. Nikamwambia, huyu ndiye bibi yako, mama yake mama. Akamtazama pale kwenye maji, muda mrefu kwa mtoto kama yeye. Halafu akafunua karatasi, akatazama upande wa pili. Akarudi. Akafunua tena, polepole, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Nikamwuliza, "Unatafuta nini?" Akasema, "Mbele yake."

Swali hilo, baba, si langu. Nimekuletea wewe.

Binti yako,
Minza


Mwandoya
8 Desemba 2023

Mjukuu wangu Lucy,

Hujambo? Mimi Guku wako sijambo. Mbuzi hawajambo pia, yule mweupe amekua. Mama yako ndiye atakusomea barua hii, mwambie asisome haraka.

Nimesikia ulimtafuta bibi yako upande wa pili wa karatasi. Ulitafuta vizuri. Mimi ndiye niliyesema asichorwe mbele, kwa kuwa mbele yake niko nayo mimi, na niliogopa kuipoteza. Kisha nikaona kitu nilichokificha peke yangu, nikifa kitakwenda nami. Mama yako aliniambia hivyo mwezi wa nane kwa maneno mengine, nikakaa nayo. Kwa hiyo sasa nakupa. Sikupi kwa picha, kwa sababu picha inamaliza. Nakupa kwa kukueleza, ili wewe uchore mwenyewe kichwani, na ukikosea, urudi uniulize.

Uso wake ulikuwa mpana juu, ukipungua kuja chini. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo kuliko la kulia, hasa asubuhi kabla ya chai. Nyusi zake zilikuwa nyembamba, na ya kulia ilikatika katikati, mbuzi alimpiga pembe akiwa binti wa kiasi chako. Akionja mboga alifumba jicho moja, kama mtu anayelenga ndege kwa manati. Akikasirika hakukunja uso. Aliutuliza kabisa, ukawa kama maji ya mtungini, na hapo ndipo sisi tulipoogopa. Ukimwita, nyusi ziligeuka kwanza, halafu ndiyo yeye. Shavu moja lilikuwa na kishimo, hakukipenda, alisema ni mahali Mungu alipogusa udongo kabla haujakauka. Alipokuwa akisali alitikisa midomo bila sauti, na mimi niliyekaa jirani nilijua amefika wapi kwa kutazama tu.

Akicheka alifunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu ya mwanya wa meno ya mbele. Nilimwambia mara nyingi auache wazi. Aliuacha wazi kwa mtu mmoja tu, siku uliyozaliwa wewe, alipokupakata akakucheka usoni. Hukumbuki, lakini ulimwona, Lucy. Ulimwona mbele, kwa karibu kuliko mchoraji yeyote.

Kuna sehemu moja sikuandika, kile kishimo kilikuwa shavu gani na kilikuwa kikubwa kiasi gani. Hiyo haina haja ya Guku. Mwambie mama yako aweke barua chini, umtekenye, umtazame.

Guku wako,
Mahona